Kivoi alikuwa chifu wa nani?

VITABU vya historia vya shule zetu vimelirudia jina "Chifu Kivoi" hadi limekuwa kama jina la ubatizo. Mwulize mwanafunzi wa Kitui, Mwingi au Mutomo Kivoi wa Mwendwa alikuwa nani, naye atakujibu bila kusita kwamba alikuwa chifu wa Wakamba aliyempokea Krapf. Krapf alifika kweli. Mlima Kenya aliuona kweli, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui. Kivoi alimkaribisha kweli. Lakini chifu? Chifu wa nani, aliyewekwa na nani, aliyeketi kwenye kiti kipi?

Huenda msomaji akasema huku ni kutafuta mfupa kwenye ulimi. Neno ni neno bwana, mradi tumeelewana. Sikubaliani. Jina la cheo humweleza msomaji mamlaka yalitoka wapi, na tukikosea jina tunakosea chanzo. Huko Kitui na Makueni kosa hili limezaa makosa mengine ambayo tunayasikia redioni kila asubuhi, na ambayo wanahabari wenzetu wanayachapisha bila kujikagua.

Tuanze na Kivoi mwenyewe. Alikuwa tajiri wa pembe za ndovu. Misafara yake ilikuwa ya mamia ya watu, ikitoka Kitui na kuteremka nyika hadi Mombasa, na kurejea na nguo, shanga na nyaya za shaba. Watu walimfuata kwa kuwa aliyemfuata alifaidika. Ujasiri wake, ukarimu wake, wake zake, mifugo yake na uhusiano wake na watu wa pwani ndivyo vilivyompa sauti. Kikamba kina neno la mtu wa aina hiyo: muthiani, yaani kiongozi wa msafara, wa uwindaji au wa uvamizi. Muthiani huongoza safari. Safari ikiisha, kila mtu anarudi kwao na hana wa kumsujudia.

Mnamo Agosti 1851 Kivoi aliuawa na wavamizi karibu na Mto Tana, Krapf akiwa kwenye msafara huo huo. Krapf aliponea chupuchupu, kisha jamaa za marehemu wakamlaumu kwa kifo hicho, ikambidi atoroke usiku. Biashara ya Kivoi iliweza kurithiwa na yeyote aliyekuwa na mguu wa kusafiri na moyo wa kuthubutu. Uchifu wa kurithi haukuwapo.

Kitabu cha safari za Krapf kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, mwenyeji wake alikuwa tayari ameshapewa cheo hicho. Simlaumu sana Krapf. Mgeni anapofika mahali humtafuta mwenye nyumba, na akimkosa humbuni. Lawama ni yetu sisi tulionakili miaka mia moja na zaidi baadaye, ilhali lugha ya wenyewe tunayo mdomoni.

Maana mamlaka Ukambani yalikuwapo, tena yalikuwa na ngazi zake. Kulikuwa na utui, yaani mtaa au kitongoji cha watu wanaosaidiana na kuamuliana kesi. Juu ya motui kadhaa kulikuwa na kivalo. Kesi zilisikilizwa na nzama, baraza la wazee. Wazee hao ni atumia. Mmoja wao ni mutumia. Mtu hakuzaliwa mutumia. Alipanda ngazi kwa umri, kwa ndoa, kwa watoto na kwa mbuzi aliowatoa kwa wenzake waliomtangulia. Hata adhabu ya kifo, iliyoitwa king'ole, haikuwa mikononi mwa mtu mmoja: wazee walikubaliana kwanza, na jamaa wa karibu wa mkosaji akatakiwa aridhie. Utaratibu wa kutisha, ndiyo, lakini hakuna chifu hapo.

(Hapa nimkumbushe msomaji wa Murang'a au Nyeri asicheke. Kwao mutumia ni mke wa mtu. Kwa Mkamba ni mzee wa baraza. Na Mswahili akilisikia neno hilo anaweza kudhani ni mtu anayetumia kitu. Lugha za Kibantu ni ndugu, lakini ndugu wenye masihara.)

Sasa hilo neno "chifu" limetoka wapi? Tunajua limetoka kwa Mwingereza. Lakini Mwingereza naye alilikopa. Ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kichwa, nalo likatoka kwenye Kilatini. Lilipita mlango uliofunguliwa na Wanormani, wale watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliovuka bahari mwaka 1066 na kuiteka Uingereza. Na halikupita peke yake. "Kaunti" ni la mlango huo huo. "Gavana" vilevile. Maneno yote matatu tunayoyatumia leo kutaja utawala wa Kitui na Makueni ni mitumba ya Wanormani. Hebu basi tuvuke tukaone nguo hizi zilivaliwaje na wenye nazo wa kwanza, ndipo tujue zimetukaa vipi sisi.

Kabla ya Wanormani, Waingereza wa kale, wale tunaowaita Waanglo-Saksoni, waligawa nchi yao kwa sehemu walizoziita "scir". Neno hilo, kabla halijawa jina la ardhi, lilimaanisha wadhifa, kazi ambayo mtu amekabidhiwa aiangalie. Kwa Kiswahili ningelifasiri kwa neno dhamana. Mwenye kukabidhiwa aliitwa "ealdorman". Ukilichambua neno hili utacheka: ni mtu mzee. Mutumia kabisa! Aliketi na askofu kwenye baraza la sehemu yake, akasikiliza kesi, na vita vikija akawaongoza watu wake uwanjani. Mmoja wao, Byrhtnoth wa Essex, aliuawa mwaka 991 huko Maldon akipigana na maharamia wa Skandinavia, na shairi la Kiingereza cha kale kuhusu vita hivyo lingali linasomwa.

Nisiipambe picha hiyo. Mzee huyo wa Kiingereza aliteuliwa na mfalme, na aghalabu alitoka katika koo kubwa kubwa zenye mashamba. Hakupanda ngazi kwa kutoa mbuzi. Ila jina lake lilibaki na kumbukumbu ya mahali ambapo mamlaka yalianzia: kwenye umri na busara ya mtu mbele ya wenzake.

Mwaka 1016 nchi hiyo ikatwaliwa na Cnut, Mdenmark. Mwaka uliofuata akaigawa mafungu manne makubwa, na polepole jina likabadilika. Lile la uzee likafifia, likaja la Kiskandinavia, "jarl", ambalo Waingereza walilitamka kwa ulimi wao hadi likawa lile tunaloliandika leo kama erli. Wenye macho ya lugha wataona kilichotokea. Cheo kilichotajwa kwa umri kikaanza kutajwa kwa ukuu. Na eneo la mtu mmoja likapanuka, likameza "scir" kadhaa kwa mpigo.

Aliyenufaika kuliko wote ni Godwin. Hakuwa wa damu ya kifalme. Cnut alimpandisha, akampa Wessex, sehemu tajiri zaidi ya nchi. Godwin alipofariki mwaka 1053, mwanawe Harold akaketi pale pale. Mwaka 1055 mwana mwingine, Tostig, akapewa Northumbria kaskazini. Muda si muda Gyrth na Leofwine nao wakapata vyao. Watoto wa mtu aliyeteuliwa na mtekaji wa kigeni wakawa, ndani ya miaka arobaini hivi, wenye nchi nusu na zaidi, na hakuna aliyeuliza tena babayao alianzaje.

Watu wa Northumbria waliuliza. Tostig alikuwa mgeni kwao, mtu wa kusini, na kodi alizowatoza ziliwashinda. Oktoba 1065 waliasi, wakawaua watu wake mjini York, wakamchagua Morcar badala yake, kisha wakashuka kusini kumtaka mfalme akubali. Mfalme Edward alikubali. Harold, nduguye Tostig, ndiye aliyetumwa kusuluhisha, naye hakumwokoa ndugu. Tostig akaenda uhamishoni, akarudi mwaka uliofuata na mfalme wa Norwei, akauawa na jeshi la Harold huko Stamford Bridge tarehe 25 Septemba. Siku kumi na tisa baadaye Harold mwenyewe akauawa Hastings. Wanormani wakaingia.

William, mfalme mpya, alikuwa ameona vituko vya maerli. Hakutaka tena erli mwenye robo ya nchi. Aliwabakiza wachache, hasa mipakani kama Chester na Shrewsbury, na wengine walipoasi mwaka 1075 aliwanyang'anya. Mmoja wao, Waltheof, alikatwa kichwa mwaka 1076. Kazi ya kila siku ya kukusanya mapato ya mfalme na kusimamia baraza ikabaki kwa ofisa wake wa chini, msimamizi wa "scir", ambaye Waingereza walikuwa wakimwita "scirgerefa" na leo wanamwita "sheriff". Na hapa mwanafunzi wa Kiswahili akae chonjo: cheo hicho hakina udugu wowote na sharifu wetu, mwenye nasaba ya Mtume. Huyo wa Uingereza ni karani wa mfalme, na neno lake ni la Kijerumani cha kale cha huko. Kufanana kwa sauti tu.

Wanormani walipoandika Kilatini, erli walimwita "comes". Neno hilo lilimaanisha mtu anayefuatana na mwingine, msafiri mwenza wa mfalme. Nchi yake ikawa "comté" kwa Kifaransa chao, na ndiyo hiyo "county" ya Kiingereza. Kichekesho ni kwamba Waingereza hawakukubali kumwita mtu wao kwa jina hilo la Kifaransa. Erli alibaki erli, ila mkewe akaitwa kwa jina la Kinormani, na nchi pia. Mume Mskandinavia, mke na shamba Wafaransa.

Sasa rudi Kenya na usome neno "kaunti" upya. Kwa asili yake ni eneo la mwandani wa mfalme. Mwandani! Neno ambalo sisi waandishi wa Kiswahili wa magazeti hatuwezi kumaliza ukurasa wa siasa bila kulitumia: mwandani wa Rais, mwandani wa Kalonzo, mwandani wa gavana. Hatukujua kwamba kila tuandikapo "kaunti" tumeshaandika "uandani" ndani yake. Sisemi tuliache neno. Limo katika Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, limo katika sheria, limo vinywani. Isitoshe, "jimbo" lingetuletea ugomvi wa majimbo ya 1963, na Mtanzania angedhani tunazungumzia eneobunge. Kaunti na ikae. Ninachosema ni kwamba tuwe macho na harufu yake.

Na chifu je? Kampuni ya Waingereza iliweka kituo Machakos mwaka 1889. Jina la mji lenyewe ni la mtu, Masaku, lililopinda kwenye ulimi wa mgeni. Wakoloni walihitaji mtu mmoja wa kuulizwa mambo. Nzama ilikuwa na wazee wengi, na wazee wengi hawawezi kutumwa. Kwa hivyo mwaka 1902 ikapitishwa sheria ya viongozi wa vijiji, na mwaka 1912 ikaja nyingine iliyowaongezea nguvu, na mwaka 1937 ile ya mamlaka ya machifu. Kodi ya nyumba, barabara, vibarua, pombe, yote yakapita mikononi mwa mtu aliyewekwa na aliyeweza kuondolewa na disii. Huyo ndiye chifu. Ana tarehe ya kuzaliwa, nayo ni ya karne ya ishirini. Kumpa Kivoi cheo chake ni sawa na kusema Byrhtnoth alikuwa kamishna wa kaunti.

Ubaya wa kosa hili si wa tarehe peke yake. Tukimwita Kivoi chifu, tunamfanya chifu aliyewekwa na mkoloni aonekane mrithi wa mila, kana kwamba Waingereza walikikuta kiti wakakifuta vumbi tu. Wazee wa nzama wanatoweka kwenye hadithi. Mtoto anayekulia Kyuso au Kibwezi anajifunza kwamba mababu zake walikuwa wakitawaliwa na mtu mmoja tangu zamani, na kwamba hilo ndilo umbo la asili la utawala. Halafu tunamtaka akiwa mtu mzima asimame kwenye kikao cha umma aikosoe bajeti!

Historia ya Kitui inaonyesha jinsi uteuzi unavyozeeka ukageuka ukoo. Mwendwa wa Kitavi alikuwa chifu wa enzi ya ukoloni. (Asichanganywe na Mwendwa, babake Kivoi.) Wanawe walisoma kuliko wengi wa rika lao. Eliud Ngala Mwendwa akawa Waziri wa Leba katika serikali ya kwanza ya Mzee Kenyatta. Kitili Mwendwa akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika mwaka 1968. Kyale Mwendwa naye alifika bungeni na kwenye baraza la mawaziri. Nyiva Mwendwa, mkewe Kitili, alichaguliwa mbunge mwaka 1974 na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini. Hawa walikuwa watu wenye uwezo wao, na Nyiva alipigiwa kura, hakurithishwa. Siwalinganishi kwa tabia na wana wa Godwin. Lakini mtu anayetaka kuelewa jinsi elimu, kazi na jina vilivyofuatana na kiti cha chifu katika Kenya ya kwanza, haihitaji aende Wessex. Aende Matinyani.

Neno "gavana" lina kisa kinachonivutia zaidi. Kwa asili ya mbali kabisa, kupitia Kilatini, ni mshika usukani wa chombo, nahodha. Jina zuri. Lakini Ukambani lilifika likiwa na mtu mwingine kabisa ndani yake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipoanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kuokoa udongo, watu wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, waliwapita machifu wao. Wanaume, wanawake na watoto kwa mamia walikwenda Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa, wakisema wanataka kumwona gavana. Aliyekuwa msemaji wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Unyang'anyi wa ng'ombe kwa nguvu ukakoma.

Angalia neno lilivyokaa hapo. Gavana ni mtu wa mbali, aliyetumwa na Mfalme wa Uingereza, ambaye raia hakumchagua na hawezi kumwondoa. Anaweza tu kukaa nje ya lango lake na kungoja. Machi 2013, baada ya uchaguzi, neno hilo hilo likapewa mtu aliyechaguliwa kwa kura, anayeweza kuhudumu vipindi viwili na si zaidi, anayeweza kung'olewa na bunge la kaunti na Seneti. Sauti ni moja, maana imegeuzwa juu chini. Je, sisi wenye kalamu tuliligeuza pamoja nayo? Hatukuligeuza. Tuliendelea kumwandika gavana kama wa 1938.

Sikiliza tunavyosema. "Gavana amewajengea wakazi zahanati." "Gavana atoa maji." "Kitui ya Ngilu." "Makueni ya Kibwana." Mwaka 2018 Charity Ngilu aliposimamisha usafirishaji wa makaa kutoka Kitui, uamuzi ule uliandikwa kama amri ya mwenye shamba kwa wapita njia. Hakuna aliyekuwa na subira ya kuuliza bunge la kaunti lilisema nini. Kiswahili kina viambishi vya kutosha vya kutusaidia: zahanati imejengwa, maji yameletwa, serikali ya kaunti imeamua. Lakini kauli ya kutendea imetunogea mno. Kumjengea, kumletea, kumfanyia: kila mara kuna mtendaji mmoja mkubwa na raia aliyenyoosha mikono. Erli wa Kinormani alipata theluthi ya mapato ya kesi za baraza lake, na zilikuwa zake kweli. Gavana wa Kenya hana senti yake kwenye mgao wa kaunti. Sarufi yetu ndiyo inayompa.

Kwa upande wa Makueni jambo hili lina kejeli kubwa. Kivutha Kibwana, profesa wa sheria, alijulikana katika miaka yake kumi kwa mpango wa kuwashirikisha wananchi kuanzia kwenye vijiji, wakichagua kamati zao na kupanga miradi yao, ngazi kwa ngazi hadi makao ya kaunti kule Wote. Kwa macho yangu, hicho ndicho kitu kilichokaribia zaidi utui na kivalo tangu mwaka 1902. Na sisi tukakiita "Makueni ya Kibwana"! Hata sifa tuliyompa ilikuwa kinyume cha alichokuwa akisifiwa kwacho.

Tena Makueni ndiko tulikoonyeshwa tofauti kati ya kaunti yetu na ile ya erli. Mwaka 2014 mzozo wa bajeti kati ya gavana na wawakilishi wadi ulifikia mahali pabaya, hata risasi zikalia mjini Wote. Wakazi wakatia saini ombi la kutaka serikali nzima ya kaunti ivunjwe, gavana na wawakilishi wote waende nyumbani, uchaguzi uitishwe upya. Kifungu cha 192 cha Katiba kinaruhusu njia hiyo. Tume ya uchunguzi chini ya wakili Mohammed Nyaoga iliketi, ikasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa, akasema sababu zilizotolewa hazikutosha.

Watu wa Northumbria mwaka 1065 walikuwa na njia moja: kuua watumishi wa Tostig na kuandamana na silaha. Watu wa Makueni walikuwa na karatasi, saini na tume. Mfalme Edward alisalimu amri kwa kuwa hakuwa na jeshi la kuwashinda. Rais wa Kenya alikataa kwa barua, na watu wakarudi nyumbani wakangoja 2017, wakamchagua Kibwana tena. Huo ni umbali mkubwa sana, na lugha inayomwita gavana "mfalme wa Makueni" inaufuta wote kwa neno moja. Mwenye kupenda ushabiki atasema ni tamathali tu. Tamathali ikirudiwa kila siku hukoma kuwa tamathali. Hilo ndilo lililompata Kivoi.

Kuna na kamishna wa kaunti, mtu ambaye wazee wengi wa Kitui bado wanamwita disii. Huyu anateuliwa Nairobi, na machifu wako chini yake, wala hawako chini ya gavana. Waandishi wengi hawalielezi hili, na msomaji anabaki akidhani chifu ni mtumishi wa kaunti. Hapa mfano wa Uingereza unafaa: kamishna ni yule msimamizi wa mfalme katika "scir", aliyekaa bega kwa bega na erli na kuwajibika kwingine. Wanormani walijua ni watu wawili tofauti na wakawapa majina mawili. Sisi pia tuna majina mawili. Tuyatumie ipasavyo.

Linabaki suala la wafasiri, maana ndio watakaoandika vitabu vijavyo. Samuel Mushi alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuitoa kwa jina la Makbeth mwaka 1968, alikuwa mbele ya vyeo vya Kiskoti na Kiingereza ambavyo Kiswahili hakikuwahi kuvihitaji. Mwisho wa tamthilia hiyo unategemea cheo: mfalme mpya anawageuza wakuu wake kuwa maerli, jambo ambalo halijawahi kufanywa nchini humo. Mfasiri akiandika "machifu" pale, msomaji wa Kenya anamwona mtu mwenye kofia ya kaki na fimbo. Akiandika "magavana", anaona msafara wa magari. Akiandika "masultani wadogo", anahama bara kabisa. Ninashauri "erli" liingie kama lilivyo, kama ambavyo "sultani" na "kaizari" yaliingia. Neno la kigeni lisiloeleweka mara moja ni bora kuliko neno la nyumbani linaloeleweka vibaya. Lile la "ealdorman" ningelifasiri "mzee wa jimbo" bila kuona haya.

Kwa Kivoi, njia ni nyepesi zaidi kwa kuwa lugha yake ipo hai. "Kivoi wa Mwendwa, muthiani na mfanyabiashara wa Kitui" inatosha kwa kitabu cha shule, na mwalimu ataeleza muthiani ni nani kwa dakika mbili. Wachapishaji wanaoandaa vitabu kwa mtaala mpya wana nafasi ya kulirekebisha hili sasa, kabla kizazi kingine hakijalikariri. Na wakilirekebisha, wasiishie kwake. Waongeze ukurasa mmoja juu ya nzama, wataje utui na kivalo kwa majina yake, na wamweleze mtoto kwa nini hakuna jina la mtu mmoja la kuandika hapo.